Kiapo cha Mtamba na Biblia Mbili

Sogeza kigoda karibu na moto, rafiki yangu, maana baridi ya huku Karatu haimwonei haya mgeni. Nataka nikueleze jambo taratibu, na ukikwama mahali nitarudia.

Mwezi uliopita nilirudi nyumbani Kansay kwa kikao cha harusi ya binti wa dada yangu. Sisi ni Walutheri, bwana harusi ni Mkatoliki. Mambo yalikwenda vizuri mpaka shemeji mmoja akatoa simu, akatusomea ujumbe unaozunguka kwenye kundi la kwaya: kwamba Biblia ya wenzetu imeongezwa vitabu ili kupotosha watu. Watu wakatazamana juu ya vikombe vya chai. Moshi wa mkaratusi ulikuwa ukiingia kutoka jikoni, na harufu ile ikanirudisha utotoni, kwa bibi, nilikolisikia shtaka hilohilo kwa mara ya kwanza.

Bibi ndiye aliyenilea. Alikuwa mwema sana, lakini alimshuku kila mtu. Maziwa ya kununua aliyaonja kwanza kwa ncha ya kidole, akitafuta maji. Unga ukitoka mashineni aliunusa kabla hajalipa. "Mungu alitupa macho mawili," alikuwa akisema, "moja la kupenda, moja la kuangalia." Kusoma alijifunza kwenye darasa la kipaimara, na Biblia yake nyeusi, iliyokolea moshi pembeni, aliisoma kila jioni kwa kidole, huku ugali wa mtama ukipoa na mimi nikimeza mate.

Zamani zile kulikuwa na desturi ya kuwekeshana ng'ombe. Hukuwafuga wote kwako. Mmoja ulimpeleka kwa jirani, mwingine kwa rafiki wa mbali, ili ugonjwa ukiingia zizi moja usikumalize. Aliyekutunzia alikunywa maziwa na kupata mbolea, na ng'ombe na ndama wakabaki wako. Kama mnyama akifa, mtunzaji alikuletea ngozi. Akiliwa na fisi, alileta japo pembe au mkia. Hiyo ndiyo ilikuwa risiti yetu.

Bibi alikuwa amemwekesha mtamba mwekundu kwa jirani yetu wa bondeni, mzee Mkatoliki mpole, mcheshi, ambaye bibi alimwita kaka naye akamwita dada. Mtamba alikuwa na mimba yake ya kwanza, na bibi alishaamua kwamba ndama ndiye atakayeniingiza sekondari. Kila nilipopita kwa jirani nilimkuna shingoni na kumwambia aharakishe.

Asubuhi moja ya masika jirani akaja mikono mitupu. Alisema vijana wake waliwashusha ng'ombe kulamba magadi, mtamba akapotea wakati wa kurudi, fisi wakamkuta. Walipofika, mvua ilikuwa imeosha hata damu. Hakuna ngozi, hakuna pembe, hakuna shahidi.

Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, akamkaribisha uji, akamshukuru kwa kuja. Alipoondoka tu, bibi akasimama mlangoni akitazama bondeni. Wiki ileile nyumba ya jirani ilikuwa imeezekwa mabati mapya, yanang'aa mpaka yanaumiza macho. Jirani alisema mwanawe anayeendesha watalii kule kreta, kwenye hifadhi ya wanyama, ndiye aliyetuma fedha. Inawezekana. Lakini tangu siku hiyo bibi hakumwita kaka tena. Akawa "yule mzee".

Shauri likafika kwa mwenyekiti wa kitongoji, ambaye alikuwa Msabato. Akaamua jirani aape kwa Biblia, siku yoyote isipokuwa Jumamosi. Tukakutana uwanjani kwetu, wazee wachache kwenye benchi, mimi nikipukuchua mahindi karibu na mlango ili nisifukuzwe. Bibi akaweka Biblia yake mezani. Jirani akaweka ya kwake, mpya, nene kuliko ya bibi. Shida ikaanzia hapo.

"Hicho kitabu chako kina vyumba vingi mno," bibi alisema. "Mtu ataapa sebuleni, kumbe uongo ameuficha stoo."

"Na chako, mama, kimebomolewa vyumba saba," jirani akajibu. "Nikiapa humo, upepo utapeperusha kiapo changu."

Wazee wakacheka, ila wale wawili hawakucheka. Naomba nikueleze walichokuwa wakigombania, kwa sababu mimi mwenyewe nilikielewa ukubwani. Vipo vitabu saba, kama Tobiti, Yudithi na vile viwili vya Wamakabayo, ambavyo Wayahudi waliosoma kwa Kigiriki walivitumia, na Wakristo wa kwanza wengi wakavipokea pamoja na vingine. Wayahudi waliosoma kwa Kiebrania hawakuviingiza katika hesabu yao. Karne nyingi baadaye, makanisa yalipoachana kule Ulaya, Wakatoliki wakaendelea kuvihesabu kuwa Maandiko. Waprotestanti wakaviweka kando kama vitabu vizuri kusoma, na mwishowe wachapaji wao wakaacha kuvichapa. Unaona? Hakuna jirani aliyeongeza kitu kwa siri, wala bibi aliyechana kurasa. Kila mmoja alirithi nyumba aliyozaliwa ndani yake, akadhani ya mwenzake ndiyo yenye kasoro.

Lakini bibi hakuwa na habari hizo. Alikuwa na mtego. Akafungua Kutoka, sura ya ishirini na mbili, akasoma kwa sauti, kidole kikitambaa, pale panaposema kuhusu mnyama aliyekabidhiwa jirani kisha akararuliwa: mtunzaji na alete mabaki yawe ushahidi. Akainua kichwa.

"Haya, mzee. Nionyeshe kama kwenu hawajalifuta."

Jirani akavaa miwani. Alikuwa msomaji wa polepole, hawezi kuingia katikati ya habari, hivyo akaanzia juu yake kidogo. Kiswahili cha Biblia yake kilikuwa chepesi, cha siku hizi, na cha bibi kilikuwa kile cha zamani chenye maneno ya pwani ambayo sisi wa milimani tuliyajua kwa kukariri. Hata hivyo nilisikia kwamba habari ni moja. Akasoma kwamba mnyama akifa, au akiumia, au akichukuliwa bila mtu kuona, kitakuwapo kiapo cha Bwana kati ya hao wawili, na mwenye mnyama atakubali, wala mwenzake hatalipa. Kisha akafika pale pa mabaki na ushahidi, kwa maana ileile.

"Simama," bibi alisema. "Hayo ya kukubali mmeyaongeza ninyi."

Mwenyekiti akajikohoza. "Mama, hebu tazama kwenye kile chako. Panda mistari miwili."

Nakumbuka kidole cha bibi kikipanda. Kikafika, kikatulia. Midomo yake ilisogea bila sauti, mara moja, kisha tena. Alikuwa amelisoma andiko lile miaka yote, akalishika lile linalomdai jirani, na lile linalomdai yeye likampita.

Jirani akataka kufunga kitabu chake ili aweke mkono juu ya jalada. Bibi akamzuia.

"Usikifunge. Weka mkono papo hapo, kwenye ukurasa."

Akauweka. Akaapa kwamba hakumuuza mtamba wala hakumchinja. Bibi akautazama mkono ule kwa yale macho yake mawili.

"Nimekubali," alisema.

Jioni, tukiota moto, nilimuuliza kama sasa anamwamini. Akageuza kibuyu cha maziwa kwenye moshi. "Nimesema nimekubali. Sijasema nimeamini."

Baadaye kidogo akaiazima ile Biblia nene. Alisema anakwenda kuipeleleza. Kiangazi kizima alisoma vile vitabu saba, akitafuta uongo kwa kidole, nami nikasikia habari za kipofu aliyezika maiti za watu na za kijana aliyesafiri na mbwa wake. "Mbwa hana kosa," bibi alisema. Alipoirudisha, jirani alimuuliza ameona nini. "Sijaona uongo bado," akamjibu, "ila kusoma nimesoma kwa haraka." Jirani akacheka mpaka akashika ukuta.

Mvua ziliporudi, bibi alifungua zizi, akatoa mtamba mwingine, mweusi, wa mwisho aliyekuwa naye, akanipa kamba. Nilidhani tunakwenda mnadani. Tukashuka bondeni. Kwa jirani akasimama chini ya yale mabati, akasema, "Kaka, nitunzie huyu." Mzee akaipokea kamba kwa mikono miwili. Tulipokuwa tukipanda kurudi nikamuuliza bibi kwa nini, na shaka anayo. Akasema andiko halikumwagiza aitoe shaka. Lilimwagiza akubali, na kukubali ni kwa miguu.

Sekondari niliingia kwa ndama wa mtamba mweusi.

Wote wawili wamelala udongoni sasa, yeye kwa Walutheri, jirani kwa Wakatoliki. Ukweli wa yule mwekundu haukujulikana, na mabati yameshika kutu. Siku hizi hakuna anayemwekesha jirani ng'ombe. Kila mtu ana wake wa kisasa bandani, na mlango una kufuli. Shaka tumebaki nazo, tena zinasafiri upesi kuliko zamani, ila tumepoteza ile kamba ya kumkabidhi mtu tunayemshuku.

Kwa hiyo, ukiambiwa kwamba Biblia ya jirani yako imeharibiwa, usiusambaze ujumbe huo. Chukua ya kwako, nenda kwake mchana, ziwekeni mbili mezani, na someni kwa zamu, kwa sauti. Na kila ukifika kwenye andiko unalolipenda, panda kwanza mistari miwili.