Makofi ya leo barazani Ipole

Jamani, makofi ya leo niliyaanzisha mimi. Naomba msinitaje kwa wake zenu.

Bwana Shauri, mkuu wetu wa wilaya, alikuja kueleza habari za kufyeka pori ili mbung'o wapungue. Akauliza nani yuko tayari kufyeka siku sita bila ujira.

Kila mtu anatazama vidole vyake vya miguu.

Mara mbung'o akanipita mbele ya pua. Nikampiga kwa viganja viwili, pa. Akanikwepa. Nikampiga tena, pa.

Jirani yangu Kapela, mrina asali, naye akapiga makofi. Safu ya nyuma ikafuata. Kufumba na kufumbua Ipole nzima inapiga makofi, na kina mama wameongeza vigelegele.

Bwana Shauri akavua kofia, machozi yanamlengalenga. "Ahsanteni sana. Tunaanza kesho alfajiri."

Njiani nikamuuliza Kapela, "Wewe ulikuwa unashangilia nini?"

"Nilikuona wewe, mwenzangu. Nikajua umeelewa."

Na wale wa vigelegele, walielewa nini? Semeni.

Mimi nanoa panga hapa. Yule mbung'o nilimkosa, na sasa ametua kwenye mpini, ananitazama.