Viganja vya Odhiambo

Juzi sokoni Kibuye niliona kafi kuukuu la mtumbwi likiuzwa kama kuni, nikajikuta nimefumba viganja vyangu.

Nilikuwa msichana mdogo Baba alipomchukua kaka yangu Odhiambo wakapige kambi kwenye visiwa vya mchanga vya mto Sondu, wavue na kuanika samaki. Mimi niliachwa nimsaidie Mama kusaga mtama. Siku tatu sikumsemesha mtu.

Walirudi mchana, wananuka moshi na samaki. Odhiambo alikuwa na malengelenge viganjani kwa kupiga kafi. Baba alimkalisha, akampaka samli taratibu, kidole kimoja kimoja. Nikadhani ni malengelenge yanayomfanya mtoto apendwe. Siku hizi Odhiambo huniambia kwamba huko mtoni alilia kila siku akimtaka Mama, nami bado simwonei huruma.

Nilienda nyuma ya jikoni, nikasugua viganja vyangu kwenye jiwe la kusagia mpaka vikatoka damu, kisha nikamnyooshea Baba.

"Baba, hata mimi."

Alivitazama kidogo.

"Akinyi, nenda unawe. Mama yako anangoja unga."