Mdakaji Tuliyemtoa Katikati ya Msimu

Mwaka wa kwanza wa korona ligi yetu ilianza kwa kuchelewa. Viwanja vilipofunguliwa tuliruhusiwa kucheza kwa masharti: kila mtu na chupa yake ya maji, hakuna kukumbatiana, mpira upanguswe kwa dawa kila zamu inapobadilika. Sisi tulikuwa timu ya besiboli ya wanawake hapo Bankstown, na sidhani kama kulikuwa na timu nyingine Sydney iliyokuwa ikielekezana uwanjani kwa Kiswahili. Walikuwamo Warundi, Wakongo, binti mmoja wa Kikenya, na Mtanzania mmoja ambaye ni mimi. Wengi wetu tulikuwa tunahudumia wazee au tunasafisha maofisi katikati ya jiji. Mimi nilikuwa msimamizi: nani acheze wapi, nani ana shifti, nani anaumwa.

Kocha alikuwa Mkongo, dereva wa malori ya makontena pale Port Botany. Besiboli aliijua kupitia binti yake aliyeicheza shuleni. Binti akaichoka, baba akabaki nayo.

Katikati ya msimu tukampoteza mrushaji wetu, yule anayemtupia mpira mpigaji wa timu pinzani. Kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi waliwaomba wafanyakazi wajiepushe na mikusanyiko hadi hali itulie. Hakubishana. "Nikiwapelekea wale bibi ugonjwa, nitalala usingizi gani?" aliniambia kwenye simu. Tukacheza bila yeye, tukafungwa vibaya. Tukacheza tena, tukafungwa vibaya zaidi.

Ndipo klabu moja ya upande wa baharini ikatupigia. Wao walikuwa na warushaji wawili wazuri, ila mdakaji wao alikuwa amekwama ng'ambo tangu mipaka ifungwe. Wakapendekeza tubadilishane: watupe mrushaji mmoja, tuwape mdakaji wetu. Mwaka ule ligi iliruhusu, maana kila timu ilikuwa na mapengo.

Mdakaji wetu alikuwa Mrundi, mama wa watoto watatu, aliyekulia kambini Kigoma kabla ya kuletwa Australia. Mdakaji huchuchumaa nyuma ya mpigaji, uso umefunikwa kwa kinyago cha vyuma. Uwanja wote uko mbele yake, kwa hiyo yeye ndiye anayewapanga wenzake. Sauti ya dada huyu ilikuwa inafika hadi kwenye maegesho ya magari. "Rudini nyuma, huyu ana nguvu!" "Wa kushoto, sogea! Sogea tena!" Wapinzani wakabaki kutazamana.

Jumapili mchana, ibada ya mtandaoni ilipokwisha, nilikutana na kocha bustanini. Kila mmoja alikaa ncha yake ya benchi, barakoa kidevuni.

"Mama, bila mrushaji hatuna ekipe, hatuna timu," alisema. "Kudaka tunaweza kumfundisha mwingine. Kurusha, hapana. Muda hatuna."

"Na nani atawapanga uwanjani?"

"Watazoea."

"Kocha, tunawapa wenzetu mtu anayejua kila neno tunalosema. Tukikutana nao je?"

Alicheka hadi akapandisha barakoa. "Ile kweli sikuiwaza."

Lakini hiyo haikuwa sababu yangu kubwa. Kiingereza cha dada yule kilikuwa cha kuomba maji na kushukuru. Kanisa lilikuwa limefungwa, majirani hawatembeleani, na nilijua kwamba mazoezi yetu ndiyo siku yake ya kuongea na kucheka. Nilimwambia kocha hivyo. "Kule ataongea na nani? Tunamtupa upwekeni kwa ajili ya pointi."

 Kutwa nzima kocha alikuwa peke yake kwenye lori, kwa hiyo neno upweke halikuhitaji maelezo. Akasema, "Basi tumuulize mwenyewe. Akikataa, tunawajibu hapana na hatusemi tena."

Nilimwambia baada ya mazoezi, akiwa anafungua vikinga vya miguu. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi au hasira.

"Nitakwenda," alisema.

"Usikubali kwa heshima tu, dada. Hakuna anayekufukuza."

"Najua. Ni mimi nataka kwenda."

Akaketi kwenye nyasi. "Shule zilipofungwa, mwalimu alikuwa anafundisha kwenye kompyuta. Mdogo ananiuliza, mimi natikisa kichwa tu. Mkubwa akamwambia kwa Kiingereza asinisumbue, mama hajui. Hilo nililielewa lote." Alitupa vikinga ndani ya begi. "Kazini nafua mashuka na Wakongo. Kanisani Kirundi. Hapa nyinyi. Sasa mimi nitajifunzia wapi?"

 Nilitembea hadi stesheni nikiwaza jinsi nilivyokuwa nimejivunia Kiswahili chetu, kwamba tulikuwa tumemjengea kila mtu nyumba ndani yake. Kwa wengi wetu ilikuwa hivyo kweli. Yeye alikuwa amekaa ndani kiasi cha kutosha, akataka kutoka kidogo. Na mimi, kwa kumpenda, nilikuwa nataka kufunga mlango.

Tukabadilishana. Mrushaji mpya alikuwa mwalimu Mwaustralia, mkimya, anatumia mkono wa kushoto. Tulimfundisha "hapa", "pale" na "bado", akaridhika. Yule binti wa Kikenya akavaa kinyago cha mdakaji. Tukaanza kushinda, si kila mara.

Kisha tukakutana nao. Dada yetu alikuwa kachuchumaa nyuma ya wapigaji wetu, anapiga kelele kwa Kiingereza. Alichanganya kushoto na kulia. Jina la mwenzake mmoja hakulijua, akamwita "wewe, kofia kubwa". Kocha, kwa mazoea, akamwambia mkimbiaji wetu aliyekuwa akivizia kituo kinachofuata, kwa Kiswahili, "Akirusha tu, kimbia!" Mkimbiaji akakimbia. Dada alikuwa ameshasikia. Mpira wake ulifika kituoni kabla ya mkimbiaji, akatolewa. Safari iliyofuata kocha akatoa maagizo kwa Kilingala. Mkimbiaji, Mrundi asiyejua Kilingala, akasimama akauliza kwa sauti, "Umesemaje?" Uwanja wote ukacheka, hata wasioelewa. Tulifungwa.

Mwishoni tuligusana viwiko.

"Umenisikia?" aliniuliza.

"Nimekusikia."

"Nilikosea sana?"

"Sana."

"Lakini walisogea," alisema, macho yake yaking'aa juu ya barakoa. "Niliwaambia wasogee, dada, wakasogea!"

Msimu ulikwisha wao wakiwa juu yetu. Kocha aliendelea kudai kwamba tulifanya sawa, na mimi sikuwa na hamu ya kumpinga, ingawa kwa hesabu ya uwanjani tulipata hasara. Mwaka uliofuata karantini ikaukata msimu katikati. Mrushaji wetu wa mkono wa kushoto akahamia Queensland. Viwanja vilipofunguliwa tena, sisi tulikuwa pungufu na wale wa baharini pungufu, tukaungana kuwa timu moja. Nahodha alichaguliwa kwa kunyoosha mikono, na mikono mingi iliyomchagua dada yetu ilikuwa ya upande wao.