Dua ya Mjukuu Aliyekwenda Kusomea Taka za Nyuklia

Wakati wa korona, Sydney ilipofungwa na sisi wa magharibi mwa jiji tukabanwa kuliko wenzetu wa ufukweni, wazee tuliozoea kukutana baada ya swala ya Ijumaa tulihamia kwenye simu. Tukajiita baraza. Ukweli ni kwamba tulikuwa genge la wastaafu, kila mmoja jikoni kwake, Guildford, Granville, Fairfield, tukibishania mambo ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuyasoma. Mwenyekiti nilikuwa mimi. Nilimaliza kidato cha nne Tanga, nikaendesha mashine za kiwandani mpaka mgongo ukagoma, na kwa sifa hizo mbili nikajiona naweza kumhukumu yeyote.

Mjukuu wangu wa kike, mtoto wa binti yangu, alikuwa amehitimu uhandisi. Akapata nafasi ya kwenda Ufaransa kusomea namna ya kuchakata fueli iliyokwisha kutumika katika vinu vya nyuklia ili itoe umeme tena. Mipaka ilikuwa imefungwa, hata kutoka nchini kulitaka kibali, naye alikipata. Kilichobaki ni dua. Kwetu msafiri haondoki hivi hivi: mkubwa wa nyumba huinua msahafu mlangoni, msafiri akapita chini yake, kisha akaombewa. Kwa kuwa kutembeleana kulikatazwa, akanipigia na kuniomba nimwombee kwenye simu, tukionana kwa picha.

Ningeinua mikono tu, yakaisha. Badala yake nikamwambia, "Njoo kwanza Ijumaa uwaeleze wazee unakwenda kufanya nini. Kwa Kiswahili."

Kiswahili chake nilikijua. Anaelewa kila neno, anajibu kwa Kiingereza. Nilijua, na ndiyo maana nilisema.

Ijumaa akaja, na alieleza vizuri kuliko tulivyostahili. Alisema fueli ikitolewa kwenye kinu watu huidhani imekufa, kumbe sehemu kubwa ya nguvu yake bado imo. "Kama lile jiko la Bibi," alisema, akiyatafuta maneno. "Mkaa unazimika, lakini haujaisha. Bibi alikuwa anachambua majivu, anatoa ule mzima, anawasha tena."

"Kwa hiyo unakwenda Ulaya kuokota majivu!" alisema mhasibu mstaafu wa Fairfield, mtu asiyeweza kubadilisha balbu bila kuita fundi.

"Mchumba," akadakia Mkenya wa Granville, "ukirudi hatuwashi taa. Tunakukalisha sebuleni, unang'aa."

Wakacheka mpaka simu ikakoroma. Nami nikacheka, kisha nikaikaza sauti kama hakimu. "Na mabaki ya hayo mabaki, yanakwenda wapi?"

"Yanabaki, Babu. Ni kidogo, lakini ni makali. Lazima yafukiwe chini sana. Sisemi yanaisha."

Lilikuwa jibu la mtu mkweli, nami nikalirukia. "Basi taka ni taka! Umesoma miaka yote hiyo ukatupashie moto uchafu wa Wazungu?"

Baraza likapiga makofi. Wanaume wenye mvi, wanapiga makofi kwa sababu msichana amekosa maneno.

"Babu, niliomba dua. Sikuomba kura." Picha yake ikazimika.

Wapo wanaosema kufungiwa ndani kulituharibu akili. Upuuzi. Korona haikunifundisha dhihaka, nilikuwa nayo tangu zamani. Mke wangu alikwisha kufa, binti yangu alikuwa zamuni hospitalini mchana na usiku, na mtoto huyu ndiye aliyenipigia kila jioni kuniuliza kama nimekula. Nilitaka abaki. Kusema "usiniache" kulinishinda, nikamwitia mahakama ya wajinga.

Siku ya safari nilimpigia, hakupokea. Nikampigia mama yake.

"Ameshaingia ndani, Baba. Ndege inaondoka saa hii."

"Nani kamwombea?"

"Jirani. Yule mama wa Kirundi wa mlango wa pili. Msahafu hana, kainua Biblia yake, mtoto kapita chini." Akavuta pumzi. "Jana amekesha na simu mkononi. Nikamwambia mpigie wewe. Akasema, hapana, Babu anajua ninachongoja."

Nikaikata simu.

Ijumaa iliyofuata baraza likakutana kama kawaida. Yule mhasibu alikuwa anatafuna kitu mbele ya kamera.

"Mzee, mchumba wetu wa majivu kaondoka?"

"Kaondoka."

"Ulimwombea lakini?"

"Nilimwombea," nikasema.

"Mashaallah," wakaitikia wote pamoja, na kwa kuwa mimi ndiye mwenyekiti, nikawafungulia mjadala wa chanjo.