Matuta ya Nkambo

Wapita njia husifu mtaa wetu wa zamani. Miti imekua mikubwa, nyumba za matofali mekundu zimekaa kwenye mistari, kumetulia. Haya, wasifu. Mimi nimekulia humo enzi za ukoloni, mji ukiitwa Élisabethville, na mpaka leo mtu akibisha mlango kwa fimbo, nahesabu kwanza tuliomo ndani.

Wakati ule ilikuwa kambi ya wafanyakazi. Miti hiyo ilikuwa vijiti, kila nyumba na kijiti chake, na ole wako kikikauka. Mbele ya nyumba ilikuwa lazima kupanda maua. Si mahindi, si muhogo: maua! Kila Jumamosi asubuhi Muzungu wa usafi alipita na karani wake, wakabisha kwa fimbo, wakatazama maua, wakatazama choo, wakahesabu watu. Mgeni alikaa kwa barua ya ruhusa, siku chache tu. Akizidisha, anarudishwa kwao kwa treni, na waliomficha wanaweza kupoteza nyumba.

Nkambo wetu, mama yake baba, alikuja na barua ya majuma mawili. Ilikuwa imekwisha tangu mvua za kwanza. Kwao kaskazini hakubaki mtu hata wa kumchotea maji. Watoto wake wote walikufa isipokuwa baba. Basi baba akasema hatoki. Kila Jumamosi Nkambo aliketi chumbani nyuma ya magunia ya makaa, pazia limefungwa, na sisi tulifundishwa kujibu kwamba nyumbani tuko watano. Nilikuwa mtoto wa kwanza, na kujibu kulikuwa juu yangu. Hata njiani kwenda shule nilijisemea watano, watano, ulimi usije ukateleza ukasema sita.

Hatukuponzwa na ulimi wangu, bali na maua. Ijumaa moja mama alikuwa sokoni, nami nikatoka shuleni nikakuta mbele ya nyumba hakuna hata ua moja. Nkambo ameyang'oa yote, ameyarundika kando kama magugu, na mahali pake amelima matuta matatu ya viazi vitamu, mazuri ajabu, vipando vimekwisha kuchomekwa. Alikuwa anafuta jasho, amefurahi. Miezi yote hiyo ilimuuma kuona udongo mzuri vile unaota majani yasiyoliwa. Alidhani mkwe wake hajui kulima, akaona haya kumwambia. Majirani walimwona, wakanyamaza, maana karibu kila nyumba ilikuwa na mtu wake nyuma ya magunia.

Mama alirudi, akaweka kikapu chini, akakaa hapohapo. Hakumgombeza. Tulijaribu kuyarudisha maua katikati ya matuta, lakini yalikuwa yamekwisha kunyauka. Baba akaamua tuseme ni mimi niliyelima, nikicheza. Sikulala vizuri.

Asubuhi baba alikuwa kazini. Muzungu alisimama mbele ya matuta, akasema maneno makali kwa Kifaransa. Karani wake alikuwa mtu wa kaskazini kama sisi. Aliyatazama matuta kwa muda mrefu, nikajua ameshatambua ni mkono wa mkulima wa kwetu, si wa mtoto. Mama akasema ni huyu binti yangu, alikuwa anacheza. Karani akachukua jembe lililoegemea ukuta, akanipa, akaniambia nilime la nne.

Nikainua. Jembe likakwaruza juujuu tu, udongo ukamwagika huku na huku, nikabaki na kijilima kama kaburi la kuku.

"Mutoto, ni nani alilima hapa?" karani akaniuliza.

"Ni miye."

Muzungu akafungua daftari. Karani akamgeukia mama, sauti yake imeshuka, akamtaka amtoe huyo aliyejificha: "Mama, kama hamumutoshe, leo mutatoka bote."

Mama alinishika bega, akanibana mpaka nikaumia. Ndipo nikasikia pazia. Nkambo akatoka, macho yakimuuma kwa jua, vumbi la makaa mgongoni. Hakumsalimu mtu. Alininyang'anya jembe, akakusanya ule udongo wangu uliotawanyika, akainua tuta la nne, akalipigapiga kwa mgongo wa jembe likakaa.

"Muache mutoto. Ni miye."

Akaandikiwa treni ya Jumatatu. Nyumba tukaachiwa, lakini tupande maua upya, na matuta yaondoke siku hiyohiyo. Karani akanirudishia jembe.

Niliyasawazisha yote manne, Nkambo akinitazama kutoka mlangoni, maana sasa hakukuwa na haja ya kujificha. Mara hii jembe lilizama vizuri. Nilifanya haraka, bila chozi, nikichungulia barabarani kama wale wawili wanarudi. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo: siku ile niliihofia nyumba, yeye sikumlilia.