Vidonge Vinne vya Eliamani

Nilifunga safari kwa sababu ya barua. Muuguzi wa zahanati ya milimani, juu ya Maore, aliandika kwamba Eliamani, mgonjwa tuliyemruhusu kutoka hospitalini kwetu akiwa na nafuu, sasa analala kutwa. Kazi yake ilikuwa kufungua ndiva, bwawa la kumwagilia mashamba, kila alfajiri. Wenye mashamba walikuwa wamempa hadi Jumapili awe amerudi, la sivyo kazi apewe mwingine. Mimi, daktari wake, nilifundisha pia wauguzi wa magonjwa ya akili namna ya kuepusha makosa ya tiba, nikamchukua mwanafunzi wangu Rehema. Moyoni nilishahukumu: mama yake anamzidishia dawa ili atulie.

Same, Jumamosi saa mbili asubuhi. Sabuni tuliyoipangia foleni miaka michache nyuma sasa ilijaa madukani, na maduka binafsi ya dawa yalikuwa mawili, yakitazamana. Lori lilitufikisha Maore, tukapanda mlima kwa miguu. Rehema alitangulia, mimi mhubiri wa ukakamavu nilipumzika mara nne.

Saa kumi jioni tulifika kwao Eliamani, mama yake akatupokea mlangoni.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, daktari. Huyo hapo, amelala.”

“Unampa ngapi?”

“Vinne asubuhi, vinne jioni. Kama ulivyoandika.”

Alinionyesha cheti cha dawa. Mwandiko ulikuwa wangu. Rehema akaomba kopo la vidonge, ambavyo mama alivinunua Same baada ya vya hospitali kwisha.

“Mwalimu, vya kwetu ni miligramu ishirini na tano. Hivi ni mia moja.”

Nilikuwa nimeandika idadi tu. Zamani vilikuja vya aina moja, nani angehangaika na nguvu yake?

“Kumbe mimi ndiye ninayemlaza mwanangu?” mama akauliza.

“Siyo wewe, mama. Ni mimi.” Niliona aibu. Nikaandika cheti kipya, kidonge kimoja cha miligramu mia moja asubuhi na kimoja jioni, nikachukua kile cha zamani.

“Basi kawaambie wenye mashamba. Mimi hawanisikii.”

Jumapili, baada ya ibada, niliwaambia kwamba kosa ni langu. Walimwongezea Eliamani wiki mbili, dawa ipungue mwilini. Kisha mzee mmoja akaniuliza kwa upole, “Na wewe, daktari, kazini kwako wamekupa hadi lini?”

Jumanne darasani nilisimulia kisa bila kutaja majina, nikauliza kosa ni la nani. Rehema aliinamia daftari lake. Wengine wote wakasema, la mama. Nikawapa kile cheti wapokezane. Mama yule alifuata neno langu bila kupunguza wala kuzidisha, na hilo ndilo lililomlaza mwanawe. Mwanafunzi wa mwisho aliisoma sahihi, akanitazama, akanirudishia cheti kwa mikono miwili.