Fundi Aliyesoma Orodha kwa Sauti

Habari ya kifo chake ilinifikia jana sokoni, nikiwa nimeshika fungu la mchicha, lengalenga yetu, na tangu hapo natembea Lubumbashi kama niko usingizini. Wasomaji wangu hamkumjua. Alikuwa mama wa makamo, fundi wa kompyuta katika zahanati moja upande wa Kasapa. Nami nilikuwa karani mkuu pale miaka ile ya vita, nchi ilipokatika vipande na wakimbizi wa Mitwaba wakaja kwetu kutafuta dawa ya kifua kikuu.

Kila alipotaka kuweka programu mpya, mashine ilitoa kwanza orodha: hiki kitaingia, hiki kitaondoka, kubali au kataa. Mimi na haraka zangu nilimwambia, "Mama, bonyeza ndiyo, umeme utakatika!" Yeye aliisoma kwa sauti, polepole, kama anayeita watoto waje kula. Siku moja akakwama kwenye kijina ambacho hakuna aliyekijua. "Ngoja, papa. Hii inataka kutoka. Tuulize kwanza nani anaitegemea." Akaandika swali, mashine ikajibu mstari kwa mstari: hicho kidogo kinashikilia kingine, na hicho kingine kinashikilia daftari la wagonjwa. "Unaona? Ungesema iko ya bure. Kumbe bagonjwa bote beko juu yake." Nilicheka. Mungu wangu, nilicheka!

Mwaka uliofuata wafadhili walikimbia, tukatakiwa kupunguza wafanyakazi. Orodha niliiandika mimi, na jina lake nikaliweka la kwanza: hachomi sindano, hafungi kidonda, ana kazi gani huyu? Sikumwuliza mtu. Wiki chache baadaye daftari la wagonjwa likagoma kufunguka kwenye kompyuta, na aliyejua kulitengeneza nilikuwa nimeshamwondoa. Mbele yangu akasimama mama wa Mitwaba, anakohoa ndani ya kitenge, anasema amebakiza mwezi mmoja wa dawa. Sikuwa na cha kuthibitisha, nikamwambia aanze dozi yote upya. "Kuanza tena? Na huu mwili?" Akaketi sakafuni.

Nilimfuata fundi nyumbani kwake kwa miguu. Alikuja siku ileile, akalifungua daftari, akaona mwezi mmoja kweli. "Mupatie dawa yake," alisema, akaenda zake. Sikumrudisha kazini. Kumrudisha kungekuwa kukiri kosa, na kiburi kilinikataza. Jamani, kabla hamjamwondoa mtu, ulizeni nani anasimama kwa sababu yake. Mimi leo naenda msibani kuomba msamaha, na wa kunijibu hayupo.